Pikapu ya Kiinua Mgongo

Mume wangu aliendesha magari ya watu kwa miaka kumi na saba kabla hajapata lake. Alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Msimu wa kahawa ukifika alizunguka vijijini Umatengoni, akachukua magunia kwenye maghala na kuyashusha Mbinga mjini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mkumbi. Yeye ni mwenyeji wa hukohuko milimani. Mimi nilizaliwa Kihagara, kando ya ziwa, nikaletwa milimani na barua ya serikali, kisha nikabakizwa na ndoa.

Tuliishi kwa kujibana. Kipande cha sabuni nilikikata kwa uzi, robo ya kufulia, robo ya kuogea, nusu nikaificha. Sukari ilikuwa ya Jumapili na ya mgonjwa. Suruali ya mume wangu ikichakaa magotini niliigeuza kaptula ya mtoto, na kaptula ikishindikana ikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Watoto wetu watatu walijua kwamba wakiomba kitu dukani jibu ni "tutaona", na kwamba "tutaona" ni hapana iliyosemwa kwa upole. Sikuona kama ni mateso. Niliona ndivyo watu wanavyoishi.

Kisha biashara ya kahawa ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi walipanda milima na malori yao na fedha kwenye mabegi, wakawalipa wakulima palepale penye mizani. Ushirika ulikuwa bado unalipa kwa awamu, na awamu ya pili ilichelewa mpaka watu wakaacha kuiulizia. Baada ya misimu miwili mitatu maghala yalibaki na popo. Mume wangu akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni na kwenda kupalilia shamba. Jioni alinipa niisome mwenyewe, kwa sababu hakutaka kuisema kwa mdomo.

Kiinua mgongo chake kilichukua zaidi ya mwaka kufika. Kilipofika, ushirika ulikuwa unauza mali zake kwa mnada: meza, mizani, mashine za kuandikia na magari. Alikwenda Mbinga kusaini karatasi akarudi siku ya pili, na nilipomwona anavyoingia mlangoni nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," akasema. Siku zote aliniita hivyo, hata tukiwa wawili. "Wanaiuza ile pikapu."

"Ipi?"

"Ile niliyokuwa naendesha mimi. Ya kijani."

Niliendelea kuchambua maharage.

"Naijua kama mkono wangu," akasema. "Najua inapougua kabla haijaugua. Akiichukua mtu mwingine ataiua kwa miezi mitatu."

"Basi iache aiue."

Alikaa. Nilimweleza nilichokuwa nacho moyoni, na nilikuwa nacho kingi. Nilimwambia gari linakula hata likiwa limelala. Nikamwambia sisi ni watu wa kukata sabuni kwa uzi, na gari si kitu cha kukatwa kwa uzi. Likitaka tairi linataka tairi zima. Nikamkumbusha kwamba petroli yenyewe Mbinga ilikuwa ya kubahatisha, na vipuri mpaka Songea. Nikamwambia hizo fedha tungejenga nyumba yetu, tutoke kwenye nyumba ya shule ambayo siku nikihamishwa tutaachia.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuwahi kunikatiza nikizungumza, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya kugombana naye.

"Nimeendesha vya watu mpaka mgongo ukapinda," akasema mwishoni. "Sasa hicho kinachoitwa kiinua mgongo, kitainua nini kama si mgongo wangu?"

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia. Nikasema, "Fanya unavyoona." Sikumaanisha hivyo, na alijua simaanishi. Wiki iliyofuata akaja nayo.

Ilipanda kilima cha shule saa tano asubuhi, watoto wakatoka madarasani bila kengele. Mlangoni ilikuwa bado na maandishi ya ushirika, yamepakwa rangi juu yake lakini unaweza kuyasoma. Mume wangu alishuka akiwa amevaa shati jeupe. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya kimya vile. Baba mkwe alikuja na fimbo yake, akazunguka gari mara mbili, akasema, "Karibu nyumbani," na mpaka leo sijui kama alikuwa anamwambia mwanawe au gari. Jumapili Padri alilinyunyizia maji ya baraka baada ya misa, na wazee wa kanisa wakapanda nyuma wakarudishwa makwao bila nauli.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa kwenda kwa mama yangu. Zamani nikitaka kumwona nilisubiri lori Mbinga, pengine siku mbili, nikashuka nalo mpaka Mbamba Bay, kisha kutoka pale nikatembea au nikapata mtumbwi. Safari hii tulitoka asubuhi na kufika kabla jua halijazama. Kwenye mteremko wa mwisho, ziwa lilipojitokeza lote kwa mara moja, mume wangu alizima redio ili asikilize breki. Mimi nilishika mlango kwa mikono miwili na kusali rozari bila shanga.

Mama hakuligusa gari. Alisimama kando yake, kanga begani, akauliza, "Linalala wapi?"

"Nje, mama."

"Na siku mkiwa hamna kazi ya kulipa, linakula nini?"

Mume wangu alicheka, akasema kazi haitakosekana. Mama hakucheka. Alitupikia ugali wa muhogo na samaki, akatufungia kapu la usipa, hawa dagaa wetu wadogo wa ziwani, nikarudi nao milimani. Majirani walivyowagombania ndipo wazo la biashara lilipotujia.

Mpango ulikuwa mzuri. Milimani kuna maharage na mahindi, ziwani kuna usipa. Shusha kimoja, pandisha kingine, gari lisitembee tupu. Shida ilikuwa ile milima yenyewe. Pikapu ikiwa na mzigo ilipanda kwa gia ya kwanza, ikilia kama inachinjwa, na ikifika mahali inakata tamaa. Breki peke yake haikuweza kuizuia. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuruka chini haraka na kuweka gogo nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi. Kumwajiri mtu wa kazi hiyo kulimaanisha kumlisha na kumlipa. Likizo za shule, mtu huyo nilikuwa mimi.

Nawaza sasa nilivyoonekana. Mwalimu wa darasa la tano, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, kanga mbili zimefungwa kiunoni, nakimbia nyuma ya pikapu na gogo la mtarawanda mikononi. "Weka!" mume wangu alipiga kelele, nami nikaweka. Injini ikapumzika, tukamwagia rejeta maji ya kijito, tukangoja ipoe. "Toa!" nami nikatoa, nikakimbia tena, nikarukia nyuma juu ya magunia. Siku moja tulipokwenda kununua maharage Kingerikiti, wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wanapita na mizigo kichwani. Walisimama kandokando ya njia wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu," nami nikaitikia marahaba nikiwa nimekumbatia gogo.

Tulicheka usiku ule. Mwaka wa kwanza tulikuwa bado tunacheka.

Lakini faida haikuonekana. Kila tulichopata kilirudi kwenye gari. Ikipona springi, inakufa betri. Ikipona betri, rejeta inavuja, tunaiziba kwa sabuni ile ile niliyokuwa naificha. Matairi yalikuwa yameshonwa na kutiwa viraka vya tairi jingine kwa ndani, kiasi kwamba kwenye barabara nzuri, na hizo zilikuwa chache, gari lilitembea kama linachechemea. Tairi lililokufa kabisa mume wangu alilikata akatengenezea watoto makatambuga. Nakumbuka nikiwatazama wanakwenda shule na viatu hivyo nikafikiri, haya, na wao wamepata kitu kwenye hili gari. Nyama tuliacha. Maziwa tuliacha. Tulikula usipa waliovunjikavunjika magunia yakifunguliwa, wale wasiouzika, miezi na miezi, mpaka binti yetu wa kati akawa akiona sahani anafumba macho kwanza.

Harufu nayo haikutoka. Tuliosha pikapu kwa majivu, kwa limao, kwa maji ya moto. Kwaya ya kanisa ilipopanda kwenda kuimba parokia ya jirani, akina mama walijifunika pua kwa kanga.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonichosha ni hodi.

Sijui nieleze vipi ili nisionekane mtu mbaya. Kijiji chetu hakikuwa na gari lingine. Mgonjwa akizidiwa, watu walikuja kwetu. Mtu akifia hospitalini Mbinga, walikuja kwetu. Harusi, ubatizo, mbolea imefika mjini, mtoto amechaguliwa sekondari ana sanduku na godoro, walikuja kwetu. Walikuja kwa heshima, wakakaa, wakauliza habari za watoto na za shule, kisha wakasema. Mume wangu hakuwahi kusema hapana. Wengine walileta kuku. Wengine walileta ndizi. Wengi waliahidi kuchangia mafuta kahawa ikiuzwa, na baadhi walichangia kweli, lakini gari halisubiri msimu wa kahawa. Juma moja tulibeba maiti wawili na mjamzito mmoja, na mzigo wetu wa mahindi ukakaa ukumbini ukiliwa na panya.

Nilimwambia mume wangu, "Waambie ukweli. Waambie tunaumia."

Akawaambia, kwa namna yake. Ilikuwa baada ya misa, wazee wamesimama kivulini kwa ukuta wa kanisa. Aliwaeleza bei ya petroli, akawaeleza habari ya matairi, akawaomba kwamba kuanzia sasa mtu akihitaji gari aje na mafuta. Kisha mzee mmoja, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika zamani, akasema bila hasira hata kidogo:

"Mwanangu, tumekuelewa. Lakini na wewe utuelewe. Hili gari lilinunuliwa kwa kahawa yetu. Kila kilo tuliyouza, ushirika ulikata. Baba yako alikatwa. Mimi nilikatwa. Wao wamekuuzia wewe, sawa, una karatasi. Sisi hakuna aliyetuuliza."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumenunua kitu ambacho watu hawakujua kwamba kimeacha kuwa chao. Tulirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo, gari tukaliacha kanisani mpaka kesho yake. Sikumbuki ni kwa nini.

Basi mimi nikabuni njia. Nilimwambia mume wangu kwamba kuanzia sasa petroli isilale kwenye tangi. Kila tukirudi safari ainyonye kwa mpira, aitie kwenye dumu, na dumu likae chini ya kitanda chetu. Mtu akija, tutasema tangi ni tupu, na litakuwa tupu kweli.

"Huo ni uongo," akasema.

"Uongo ni kusema lisilokuwepo. Tangi litakuwa tupu."

"Mwalimu."

"Nimechoka," nikamwambia. "Nisikilize. Nimechoka."

Akafanya. Tukawa tunalala juu ya petroli. Nilizuia taa ya koroboi isiingie chumbani, tukawa tunavua nguo gizani kama wezi. Na njia ile ilifanya kazi. Watu walipoambiwa tangi ni tupu walitikisa kichwa kwa huruma, wakasema pole, wakaenda. Kwa wiki kama sita hivi tulianza kupumua. Tulikuwa na dumu zima la lita ishirini, la kutufikisha ziwani na kurudi, na mzigo wa maharage ambao mfanyabiashara wa Mbamba Bay alikuwa anausubiri.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua hazikatiki. Saa nane mchana nilikuwa nyumbani peke yangu, nasahihisha madaftari. Mume wangu alikuwa kwa baba yake, mwendo wa nusu saa, anatengeneza paa la jiko. Jirani yetu akabisha hodi. Shamba lake la kahawa lilipakana na uwanja wa shule. Alikuwa mtu mkimya, mkewe nilikuwa nikikaa naye benchi moja kanisani. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kofia.

"Karibu, baba. Ingia ndani, unalowa."

"Asante, mwalimu, siingii. Mwenzangu yupo?"

"Ametoka. Kuna nini?"

"Mama watoto. Uchungu tangu jana asubuhi. Nesi wa zahanati amesema tusikae tena, twende hospitali ya misheni sasa hivi."

Ningependa kusema kwamba nilisitasita. Sikusitasita. Maneno yalikuwa yamezoea mdomo wangu.

"Tangi ni tupu, baba."

"Hata kidogo? Ya kutufikisha njiapanda tu?"

"Tangi ni tupu."

Alinitazama. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, mlango wa chumbani uko hatua nne kutoka pale aliposimama, na harufu ya petroli mimi nilikuwa nimeacha kuisikia siku nyingi. Sijui kama yeye aliisikia. Alisema, "Haya, mwalimu. Basi tutambeba," akageuka akashuka kilima kwa kukimbia.

Niliingia chumbani nikakaa kitandani. Dumu lilikuwa nyuma ya visigino vyangu. Nilijiambia kwamba dereva mwenyewe hayupo. Nilijiambia kwamba kwa matope yale gari lisingefika. Nilijiambia kwamba watu wamebebwa kwa machela milima hii tangu enzi za babu zao. Nilikuwa na hoja nyingi na zote zilikuwa nzuri. Kisha nikawasikia wanaume wanaitana bondeni, mmoja anauliza miti, mwingine anauliza blanketi. Nilikaa hapo labda saa nzima. Halafu nikasimama, nikatoka na mvua ile bila kufunga mlango, nikakimbia mpaka kwa baba mkwe.

Nilimweleza mume wangu kwa maneno machache. Alishuka kwenye paa, tukarudi pamoja kwa mbio, akaingia chumbani na kutoka na dumu. Alimimina kwenye tangi kwa haraka, petroli nyingine ikamwagika kwenye majani. Betri haikushika, ikabidi nisukume mpaka kilima chenyewe kikatusaidia.

Tuliwapata kwenye kijito cha pili, wanaume kama kumi, machela mabegani, wamelowa. Hakuna aliyeuliza petroli imetoka wapi. Walimpandisha mama yule nyuma, mimi na wao tukapanda naye, nikashika turubai juu yake. Alikuwa na macho wazi. Alinishika kifundo cha mkono akakibana kila maumivu yalipokuja, na kila aliponibana nilitaka anibane zaidi. Mara tatu gari lilikwama, na wale wanaume kumi waliokuwa wamembeba wakashuka tena wakalisukuma. Tulifika hospitalini jioni.

Yeye walimwokoa. Mtoto alizaliwa wa kiume, mzima wa viungo, hakulia wala kupumua.

Muuguzi, dada mtu mzima mwenye uso wa uchovu, alitoka akatuambia sote tuliokuwa barazani, "Siku nyingine msisubiri hivi. Mleteni mapema." Najua kwamba anawaambia hivyo wote wanaotoka milimani. Najua pia kwamba mama yule alikuwa na siku moja na nusu ya uchungu kabla mumewe hajabisha hodi kwangu. Saa yangu ile moja ilikuwa na uzito gani? Nimeipima mara nyingi. Sijui. Hakuna mtu wa kumuuliza, na hata angekuwepo sidhani ningemuuliza.

Tulirudi kesho yake asubuhi na baba wa mtoto. Alikaa mbele, karibu na mume wangu, mtoto amefungwa kwenye kitenge juu ya mapaja yake, na njia nzima alimkinga kwa kiganja asigonge mlango gari lilipotikisika. Tulipofika alishuka taratibu, akasema, "Asanteni kwa gari."

Zilipita siku nne au tano kabla mume wangu hajalizungumza jambo lile. Alikuwa anapika chai, nami naandaa masomo.

"Ulimwambia tangi ni tupu?"

"Nilimwambia."

"Na lilikuwa tupu kweli."

"Lilikuwa tupu."

Alimimina chai vikombe viwili, akanisogezea changu. "Tungeliacha palepale mnadani," akasema. Nilikuwa nimesubiri karibu miaka miwili nisikie maneno hayo kinywani mwake, na yalipokuja hayakunipa raha yoyote.

Hatukuliuza mara moja. Lilikaa kando ya nyumba mpaka kahawa ikavunwa, likibeba wagonjwa bure kila lilipokuwa na mafuta, na mafuta yakilala kwenye tangi. Mnunuzi alikuwa mwanamke mfanyabiashara wa samaki kutoka Mbamba Bay, mnene, mcheshi, ambaye kwao ni mkoa mwingine kabisa. Alikuja na dereva wake. Aliyatazama matairi akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwalimu, niambie kweli, linasumbua nini?"

"Injini haisumbui. Wanaosumbua ni watu."

"Aa, hao si taabu," akasema. "Mimi pale si kwetu. Nikisema hapana nalala vizuri tu."

Alitupa fedha pungufu sana kuliko zile za mnada, na kwa hizo tulimlipia binti yetu mkubwa karo ya sekondari, basi. Nyumba tulikuja kujenga miaka mingi baadaye, kwa mshahara wangu, chumba kimoja kimoja. Mume wangu alipata kazi kwa mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa kahawa, akarudi kuendesha gari la mtu. Siku ya kwanza aliporudi kazini aliniambia kwamba tajiri wake ameagiza asimpakie mtu yeyote, hata awe anakufa, na kwamba amekubali. Aliniambia huku ananawa uso, hakuinua kichwa.

Wiki za kwanza baada ya kuuza, nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuja. Nilikuwa nimeuomba ukimya huo kwa muda mrefu, na nilipoupata nilikuwa nashtuka nikisikia hatua nje, nasimama kwenda mlangoni, nakuta ni mbuzi.

Mwezi wa kumi kisima cha shule kilikauka, kama kilivyokauka kila mwaka, tukawa tunashuka bondeni kuchota. Jioni moja nilimkuta mke wa yule jirani yetu peke yake kwenye chemchemi. Tulikuwa tumesalimiana mara nyingi tangu mwezi wa tatu, kanisani na njiani, salamu kamili, ya afya na ya watoto. Nilingoja amalize kujaza. Alijaza polepole kwa kata ya kuchotea, akatoa majani yaliyokuwa yanaelea, kisha bila kunitazama akauliza:

"Mwalimu, siku ile mafuta yalikuwepo?"

"Yalikuwepo," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Nilitaka kuongeza jambo. Nilikuwa na habari ya matairi, ya nyama tuliyoacha, ya mahindi yaliyoliwa na panya, na yote ilikuwa kweli. Nikasema tu, "Nisamehe, mama."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alifuta mikono kwenye kanga, akakunja kata ya majani ya migomba akaiweka kichwani, akainama kwenye ndoo yake.

"Nisaidie kujitwisha," akasema.

Nilishika upande mmoja, yeye upande mwingine, tukainua. Ilikuwa nzito, na maji yakamwagikia sote wawili mikononi. Alipoisimamisha sawa alibaki pale, hakuondoka, akiwa ameshika ndoo kwa mkono mmoja, mpaka nami nikajaza yangu na kuipandisha kichwani. Kisha tukaanza kupanda, yeye mbele, mimi nyuma, bila kuzungumza, kwa sababu kile kilima hakimwachii mtu pumzi ya maneno.